Taarifa ya Mgeni

Kila mwezi wa sita unapoingia hapa Nachingwea, nguo za wateja wangu huanza kuja na harufu ya salfa. Mtu ananiletea suruali niitie kiraka gotini, naikung'uta mlangoni, unga wa njano unaruka, na ile harufu ya kiberiti na yai viza inanikaa puani hadi nafunga kibanda. Wenzangu hawaisikii. Wamekulia chini ya mikorosho, na kwao salfa ni dawa ya kupuliza mikorosho isishikwe na ugonjwa, basi. Mimi inaninyanyua kitini. Nasimama, naenda mlangoni, narudi, nakaa, nasimama tena, hadi mwenzangu wa cherehani ya pili ananiambia, "Haya, Kabula kaanza." Namjibu kwamba miguu imekufa ganzi. Namdanganya. Ninyi nitawaambia ukweli, kwa kuwa hamnijui na hamtapata nafasi ya kunicheka usoni.

Harufu hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza mwaka wa korona, shule zilipofungwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mwaka wa mtihani. Sisi ni Wasukuma. Tulitoka kule ziwani na ng'ombe wetu, tukashuka kidogo kidogo, leo hapa, mwezi ujao pale, hadi tukaingia wilaya ya Ruangwa mwaka mmoja kabla, wakati watu wanaokota korosho. Baba alipata eneo porini, nje ya kijiji kimoja cha upande wa Nkowe, akajenga boma la miiba na nyumba mbili, akasema hapa panatosha. Nikaandikishwa shule. Kutoka bomani hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa mtu anayejiheshimu. Mimi niliutumia nusu saa, maana kutembea sikujua, nilijua kukimbia tu.

Pale kijijini tulikuwa na jina letu. Hatukuitwa Wasukuma, wala wafugaji, wala watu wa Maduhu, ingawa Maduhu ndiye baba yangu. Tuliitwa wageni. "Ng'ombe wa wageni wamepita hapa." "Kimbia kwa wageni ukalete maziwa." Halikuwa tusi, na mama hata alilipenda, akisema kwamba huko tulikopita tuliwahi kuitwa mabaya zaidi. Mimi nilizoea haraka. Ukiniita mgeni nageuka, kama vile ukiniita Kabula.

Aliyeniita Kabula alikuwa mmoja, Somoe. Tulikaa dawati moja. Alilelewa na bibi yake, Bi Fatu, mwenye mikorosho na shamba la ufuta karibu na shule. Kiswahili cha Somoe kilikuwa na Kimwera ndani yake, changu kilikuwa na Kisukuma, tukakutana katikati, kila mmoja akimsahihisha mwenzake vibaya. Yeye alikuwa mtulivu kupita kiasi. Mimi nikitikisa miguu chini ya dawati, ananiwekea kiganja gotini bila kunitazama, na goti linatulia. Tulikuwa na alama yetu. Mwalimu akikaribia wakati tunapiga soga, aliyemwona kwanza anagonga dawati kwa kifundo cha kidole: ko, kisha kimya kidogo, halafu ko-ko. Hadi leo nikiwa peke yangu nagonga hivyo kwenye meza ya cherehani.

Shule zilifungwa mwezi wa tatu. Mwalimu mkuu alitutangazia mstarini kwamba turudi nyumbani, tunawe mikono, tusikusanyike, na tusubiri tutakapoitwa. Tulishangilia, msitulaumu. Nilikimbia njia nzima nikirusha mfuko wa madaftari juu na kuudaka. Siku ya tatu nilikuwa nimeshajuta.

Sijui kama mmewahi kuishi mahali ambapo nyumba ya jirani haionekani. Kaka zangu walitoka na ng'ombe asubuhi, wakarudi jua likizama. Baba alikwenda kuangalia maji na malisho. Nikabaki na mama, watoto wadogo, na vibuyu vya maziwa. Nilifagia boma asubuhi, na mchana nikalifagia tena. Nilikuwa na daftari moja la hesabu ambalo niliyafanya maswali yake yote, nikayafuta, nikayafanya tena, mpaka karatasi ikatoboka. Tulisikia kwamba watoto wa mijini wanafundishwa kwenye televisheni na redio. Redio ya baba ilikuwa na betri za kusikiliza taarifa ya habari tu, na ikiisha aliizima na kwenda nayo. Nilizunguka ua wa miiba kwa ndani, kisha kwa nje, kisha kwa ndani, hadi nyayo zangu zikatengeneza njia. "Kabula, ng'wanawane, kaa chini," mama aliniambia, "unanizungusha kichwa." Nilikaa. Baada ya muda mfupi alinikuta nimesimama na hata mimi sikukumbuka nilisimama saa ngapi.

Kitu kilichoniokoa ni kisima cha kijiji. Somoe alikuja kuchota Jumanne na Ijumaa, nami nikamwambia mama kwamba maji ya kisima kile ni matamu kuliko ya kwetu. Yalikuwa ya chumvi, na mama alijua, lakini alinipa ndoo. Nilibeba maziwa ya mgando kwenye chupa ya plastiki, Somoe alileta korosho za kukaanga kwenye pindo la kanga, tukakaa kwenye gogo tukiulizana maswali ya sayansi. Chupa ilikuwa moja. Anakunywa yeye, nakunywa mimi, anafuta mdomo wa chupa kwa kiganja na kunirudishia. Nawaomba muikumbuke hiyo chupa.

Mwezi wa nne mambo mawili yalitokea karibu karibu. La kwanza, ng'ombe wetu waliingia kwenye ufuta wa Mzee Hamisi, jirani yake Bi Fatu, wakaula na kuukanyaga. Kesi ikapelekwa kwa Mwenyekiti wa kijiji. Baba alilipa, wakagusana viwiko kama ilivyokuwa desturi ya mwaka ule, lakini Mwenyekiti akamwambia mbele ya watu: "Maduhu, nikisikia neno lako jingine mezani kwangu, utahama na ng'ombe wako." Baba alirudi, akatukalisha, akatuambia kila mmoja kwa jina lake asionekane karibu na ofisi ile. Mama aliuliza tutakwenda wapi tukifukuzwa. Baba alichukua fimbo akatoka kwa ng'ombe, na mimi nilichosikia ni kwamba sitafanya mtihani.

La pili ni kipaza sauti. Mwenyekiti alipanda bodaboda, kipaza sauti mkononi, akapita vitongoji vyote hadi karibu na boma letu. Nilikuwa juu ya kichuguu nasikiliza. Alisema ugonjwa upo, ngoma na mikusanyiko yote ni marufuku, watu wanawe mikono. Halafu akasema: "Ugonjwa huu unaletwa na wageni. Jihadharini na wageni. Ukimwona mgeni kijijini, usimsogelee, njoo utoe taarifa ofisini."

Najua alimaanisha nini. Mtu mzima yeyote aliyesikia siku ile alijua: watu wanaotoka safarini, wanaoingia kutoka miji mikubwa. Lakini mimi nilikuwa na jina moja tu pale kijijini, na jina hilo ndilo lililotangazwa kwa kipaza sauti. Niliteremka kichuguuni. Nilijiangalia viganja. Nilikohoa kidogo, kujaribu tu, na kikohozi kikatoka kweli. Ikawa mchana kutwa nakohoa ili nione kama bado nakohoa.

Ijumaa iliyofuata, watoto waliokuwa kisimani waliniona, wakachukua ndoo zao wakasogea upande wa pili. "Wageni hao," mmoja akasema, na wengine wakacheka, kicheko cha mchezo, maana mwaka ule watoto walicheza korona kama wanavyocheza kombolela. Somoe hakuwepo. Jumanne hakuwepo. Ijumaa nyingine hakuwepo. Maziwa yaliganda zaidi kwenye chupa yakawa machungu nikayamwaga.

Nikaenda kwao. Nilisimama mbali, nje ya ua wa makuti, nikapiga magoti kama tulivyofunzwa na kumwamkia Bi Fatu. Alikuwa anapepeta mahindi. Mbele ya mlango wa chumba cha uani kulikuwa na ndoo ya maji yenye mfuniko, na sahani moja iliyofunikwa kwa kawa.

"Somoe yupo, bibi?"

"Yuko ndani."

"Naomba nimwone."

"Haonwi." Aliendelea kupepeta. Kiswahili cha Bi Fatu kilikuwa kichache, alikitumia kwa kubana. "Akitoka utamwona."

"Atatoka lini?"

"Siku zikitimia."

Ninyi mnaojua mambo ya kusini mmeshacheka. Somoe alikuwa mwali. Alikuwa amevunja ungo, na bibi yake amemweka ndani afundwe unyagoni, asionwe na watu mpaka siku ya kutolewa. Miaka mingine kungekuwa na ngoma na vigelegele, hata mimi wa porini ningeuliza hizo ngoma ni za nini. Lakini ngoma zilikuwa marufuku, kwa hiyo Bi Fatu alimweka ndani kimya kimya, na majirani wakafunga midomo. Kwetu Usukumani hatuweki mtu ndani. Mimi nilichojua ni kile nilichosikia kwenye redio ya baba: mwenye korona anawekwa ndani, haonwi, anatengewa sahani yake na maji yake, na anahesabiwa siku. Karantini. Nikaitazama ile sahani, nikaikumbuka chupa.

Sikumbuki nilirudije nyumbani. Nakumbuka majivu. Nilinawa mikono kwa majivu, nikanawa tena, asubuhi na mchana, mpaka ngozi ya vifundo ikapasuka. Nilijitengea kikombe. Nikawa sibebi mtoto, sikamui, sikai karibu na mama, nakula nimesimama kwenye mlango wa ua. Mama alidhani nimekasirika na kitu, akaniacha nipoe. Sikupoa. Kila nilipofumba macho nilimwona Somoe akifuta mdomo wa chupa kwa kiganja, taratibu, kwa adabu, na kuninywea ugonjwa wangu. Nilikuwa na hatia, ndugu zangu, hatia ya mtoto, ambayo haina mlango wa kutokea.

Halafu ikaja salfa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, umande bado upo, upepo haujaanza. Nilisikia mngurumo wa mashine upande wa mikorosho. Tulitoka sote. Wanaume wanne walikuwa wanatembea mstari mmoja, wamefunga vitambaa usoni, macho tu ndiyo yaliyoonekana, wamebeba mashine migongoni, na kutoka kwenye mabomba yao lilitoka wingu la njano. Wingu likapanda juu ya mikorosho, likayumba, likaja kwetu. Likatua kwenye miiba, kwenye migongo ya ng'ombe, kwenye vibuyu vya maziwa. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuiona salfa, na hata baba hakuijua. Alisimama na fimbo yake akilitazama wingu lile, akasema kwa sauti ndogo sana, "Wanatupulizia." Mama alivua kanga ya begani akafunika maziwa.

Nilipomsikia baba akisema vile, kitu ndani yangu kilikatika. Kumbe wote wanajua. Wanajua kwamba ni sisi, wamejifunga vitambaa wamekuja kutuua wadudu, na Somoe yuko ndani anahesabiwa siku kwa ajili yangu. Nikawaza kwamba pengine wakijua ni nani hasa, na ni lini, na kwa chupa gani, watapata dawa ya kumpa. Hospitali huuliza hivyo. Nikajua pia kwamba nikikanyaga ofisi ile, Mwenyekiti atapata lile neno jingine mezani kwake, na baba atahama na ng'ombe, na mtihani wangu utabaki Ruangwa. Nililipima hilo njia nzima. Sikukimbia. Ndiyo siku ya kwanza katika maisha yangu niliyotembea mwendo wa mtu mzima.

Mwenyekiti alikuwa peke yake ofisini anakoroga chai, kipaza sauti kimelazwa mezani. Nilinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni mara tatu, nikapiga magoti nje ya kizingiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia ndani, binti."

"Siingii. Nimekuja kutoa taarifa. Kuna mgeni."

Aliweka kijiko chini, akavuta daftari lake kubwa, akatafuta kalamu. "Kafikia kwa nani?"

"Kwa Maduhu."

"Katokea wapi?"

"Ziwani."

"Kaingia lini?"

"Mwaka jana. Korosho zilikuwa zinaokotwa."

Kalamu ikasimama. Akanitazama juu ya miwani. "Jina lake nani?"

"Kabula."

"Na huyo Kabula yuko wapi saa hizi?"

"Ndiye mimi, mzee."

Nikamwaga yote hapo hapo, bila kupumua. Chupa, korosho, gogo la kisimani, Somoe kuwekwa ndani, sahani yenye kawa, watu wa vitambaa, wingu la njano. Nikamwambia kama ni kunichukua anichukue mimi peke yangu, anipeleke hiyo karantini, lakini baba asihamishwe kwa sababu hajui kama nimekuja. Nikamwomba Somoe apewe dawa. Nilipomaliza, nzi alikuwa ameingia kwenye chai yake na hakuwa amemwona.

"Somoe haumwi," alisema hatimaye.

"Yuko ndani."

"Yuko ndani, ndiyo. Lakini si ndani hiyo."

"Ni ndani ipi?"

Hapo nilimwona mwanamume mzima, aliyemnyamazisha baba yangu mbele ya kijiji, akikosa la kusema. Alikwangua meza kwa ukucha. Akatazama dari. Mambo ya unyago wa wanawake mwanamume hayasemi, na kwa msichana ambaye hajachezwa, yaani hajapitishwa unyagoni, ndiyo kabisa. Juu ya hayo, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku kwa kile kipaza sauti kilicholala mbele yake, na sasa amesikia kwa masikio yake kwamba kuna mwali ndani. Akapaza sauti kumwita mkewe, maana nyumba yao ilikuwa nyuma ya ofisi.

Mama yule alikuja akijifuta mikono, akasikiliza, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo vyangu vilivyopasuka. "Umeshachezwa wewe?"

"Kuchezwa nini, mama?"

Akamgeukia mumewe. "Huyu haambiwi."

"Hata mimi sijaambiwa," alisema Mwenyekiti haraka. "Sijasikia kitu, sijui kitu. Binti, ule unga wa njano ni salfa, dawa ya mikorosho. Mwambie baba yako asubuhi hizi afunike maziwa." Kisha akainamia daftari akaandika. Aliandika muda mrefu, na nilipojaribu kunyoosha shingo nisome, akaziba ukurasa kwa mkono. "Nenda nyumbani. Shule zikifunguliwa uende shule. Basi."

Mke wa Mwenyekiti alinishika mkono. Mkono wenyewe, bila kitambaa, na mimi nilitaka kuuvuta lakini aliubana. Tukaenda moja kwa moja hadi kwa Bi Fatu. Bi Fatu alipotuona alisimama na ungo wake tayari kwa ugomvi. Walizungumza Kimwera, sauti zikapanda, zikashuka, halafu Bi Fatu akanitazama, akaweka ungo chini, akageuka kushughulika na kuku ambao hawakuhitaji kushughulikiwa. Nikapelekwa nyuma ya chumba cha uani, kwenye ukuta wa udongo. "Wewe uliye humo," mke wa Mwenyekiti aliuambia ukuta, "usiseme neno, miiko unaijua. Lakini kuna mwenzio hapa analia kwamba kakuua."

Nilisikia kuku.

Halafu upande wa pili wa ukuta, chini karibu na miguu yangu: ko. Kimya kidogo. Ko-ko.

Nililia pale mpaka kamasi zikanitoka. Nikapiga magoti, nikagonga na mimi kwa kile kifundo kilichopasuka, ikauma, nikagonga tena, naye akajibu, na tukaendelea hivyo hadi Bi Fatu akatufukuza. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Msidhani nilitulia. Somoe nilimpata, lakini daftari lile sikulisahau. Nilikuwa na hakika kwamba Mwenyekiti ameandika sisi tuhamishwe, anangoja korona ipite. Kila pikipiki iliyopita mbali, niliacha kazi nikasikiliza inaelekea wapi. Baba akichelewa kurudi, nilipanda kichuguu. Sikumwambia mtu, na nikawa naamka mapema kuliko wote ili nikizunguka ua mama asinihesabu raundi. Wiki zikapita na hakuna aliyekuja isipokuwa watu wa maziwa.

Mwishoni mwa mwezi wa sita shule zikafunguliwa. Somoe alikuja amenenepa, ngozi inang'aa, anatembea kama aliyebeba yai kichwani. Nilimwuliza walimfanya nini mle ndani. "Siwezi kukwambia," alisema, "hujachezwa." Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikatikisa miguu chini ya dawati kwa makusudi, akaweka kiganja chake gotini. Miaka baadaye, Bi Fatu akiwa ameshazikwa, ndipo Somoe aliponieleza kwa nini bibi yake hakungoja ngoma ziruhusiwe. Alisikia kwenye tangazo lile lile kwamba ugonjwa unachukua wazee, akaogopa kufa kabla hajamfunda mjukuu wake. Kipaza sauti kimoja, na kila mmoja wetu alisikia jina lake.

Mtihani niliufanya. Baba hakuhama, na hadi leo yuko pale pale. Mwaka jana nilirudi kijijini kuomba barua ya utambulisho ya kitambulisho cha taifa. Mwenyekiti yule alikuwa ameshamaliza muda wake, kijana aliyempokea alinitolea madaftari ya zamani nimsaidie kutafuta jina la baba kwenye orodha ya kaya. Nikafungua, na mkononi mwangu nikakuta daftari la mwaka wa korona.

Kurasa nne zilikuwa na kichwa kimoja, TAARIFA ZA WAGENI, na safu mbili: mgeni, na aliyetoa taarifa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Kulikuwa na dereva wa lori la mbao. Kulikuwa na fundi wa mashine ya kusaga, na kijana aliyerudi kutoka Dar, na shangazi wa mtu. Watoto wa kisimani walikuwa na wazazi, na majina ya wazazi hao yalikuwa pale, wametoa taarifa hii na ile. Mzee Hamisi wa ufuta alikuwa ametoa taarifa tatu, moja ya mkwe wake mwenyewe. Nilitafuta jina la Maduhu kurasa zote nne, nikarudia kutoka mwisho. Kijiji kizima kilituita wageni kila siku ya Mungu, na ilipokuja siku ya kuwataja wageni, hakuna hata mmoja aliyetukumbuka.

Nilikuwepo mahali pamoja tu, ukurasa wa mwisho, upande wa waliotoa taarifa, kwa mwandiko ule ule niliozibiwa kwa mkono: Kabula Maduhu, mwanafunzi, darasa la saba, mkazi. Na upande wa pili, chini ya safu ya mgeni, Mwenyekiti alikuwa ameandika maneno mawili: hakuna mgeni.